Mzee Aliyemeza Jiwe la Jangwa Langu

Nianze na ile ya aibu kabisa, nisije nikaikwepa huko mbele: baba mkwe wa dada yangu nilimlisha rangi ya mafuta. Siyo rangi ya chakula. Ni hii hii ninayoandikia vibao vya saluni na matangi ya bodaboda. Akatafuna, akameza, akasema asante. Na siku hiyo hata mkwe alikuwa hajawa, ndiyo kwanza amekuja kutuangalia kama ni watu wa kuchukuliana nao.

Mimi ni mchora vibao, kwetu ni Ihanda, Karagwe. Shule niliachia kidato cha pili, na habari za majangwa nasikia zilikuwa zinakuja kidato cha tatu. Kwa hiyo jangwa mimi nililijulia kwenye boksi.

Boksi lenyewe nilipewa na rafiki yangu mwenye duka la rangi na misumari pale Kayanga. Ni mtu ambaye babu yake alihamia huku kutoka pwani na biashara zake, na mjukuu bado anaongea kama babu. Alinunua robota la vitu vya mitumba akitegemea midoli ya watoto, akakuta humo boksi limejaa wanajeshi wa plastiki. Wadogo, urefu wa kidole, na wote wako vipandevipande: mikono huku, vichwa kule, buti peke yake. Juu ya boksi kuna picha. Wanajeshi wamepumzika jangwani kando ya gari lisilo na paa, mmoja analala, mmoja anatazama mbali kwa darubini, na mchanga umetanda mpaka mwisho wa macho.

"Fundi," akaniambia, "si wajisifu una mkono mwepesi? Haya, waunge hawa. Ukimaliza nitawaweka hapa kaunta, watu waje washangae."

Nikajua ni kazi ya Jumapili moja. Hee! Mtu mzima nilijifungia chumbani miezi, mama akipita mlangoni ananisikia nagombana na mguu. Gundi ilikuwa inashika vidole vyangu vizuri kuliko ilivyoshika wanajeshi. Kuna mmoja nilimgeuza kichwa, nikamwacha hivyohivyo, nikasema huyu ni mlinzi, anaangalia nyuma. Macho nilipaka kwa mwiba wa mchungwa. Brashi yangu ndogo kuliko zote ukiigusisha kwenye uso wa mtu yule, umempaka mpaka kofia.

Shida ikawa mchanga. Karagwe udongo ni mwekundu, ukiumwaga pale, wanajeshi wanaonekana wako shambani kwetu wanasubiri kupalilia. Nikajaribu unga wa muhogo nikauchanganya na rangi ya njano. Ukapendeza sana. Asubuhi nikakuta sisimizi wamepanga mstari wanabeba jangwa, wanatoka nalo dirishani. Mwisho nikachekecha mchanga wa kujengea kwa chujio la chai la mama. Chujio nililirudisha. Kuhusu kulisafisha, tuache.

Sasa mawe. Kwenye picha kulikuwa na mawe ya mviringo, ya kahawia, yana mikunjo. Changarawe zetu ni kali kali, hazifanani. Nikawa nimekaa sebuleni natafuna kahawa, nikaitazama ile punje kiganjani, nikasema: jiwe si hili hapa!

Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo. Huku kahawa hatunywi tu, tunatafuna. Tunda zima linachumwa bichi, linachemshwa na majani yenye harufu nzuri, linakaushwa mpaka linakuwa jeusi lenye mikunjo. Tunaiita akamwani. Inakaa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, na mgeni wa heshima akikaa tu, kabla ya neno lolote, anapewa. Na mwenye nyumba anachukua punje yake kwanza, anatafuna, mgeni anamuona. Hiyo ni tangu zamani, maana yake: ninachokupa na mimi nakila, hapa hakuna baya. Ndiyo mgeni naye ananyoosha mkono.

Ile kahawa mama aliichemsha mwenyewe, mwisho wa msimu, kwa ajili ya wageni wa dada. Mimi nikawa nachota kidogokidogo. Leo jiwe la kuegemea yule anayelala, kesho mawe ya kuzuia tairi. Nikayapaka rangi ya mchanga, juu nikapitisha kahawia kidogo na brashi kavu, yakatokea mawe hasa. Jangwa likawa zuri mpaka nikawa naenda kulitazama kama mtu mwenye ng'ombe.

Wageni wakatangaza siku. Wanatoka Kyerwa, baba wa kijana anayetaka kumuoa dada, na kaka za huyo kijana. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo baba mdogo ndiye wa kuongea, na mimi mtoto wa kiume mkubwa ndiye wa kugawa kahawa. Dada alikuwa jikoni na shangazi, hata kupumua anapumua kwa zamu. Yeye na kijana wanapendana, lakini kule kwao walishasikia maneno kwamba familia yetu ni ya masihara. Sijui nani aliyewaambia. Ila masihara yenyewe ni mimi.

Wageni wakaingia, shikamoo, marahaba, wakakaa. Mama akaniambia taratibu, "Lete kikapu."

Nikafungua mfuniko. Chini kulikuwa na punje za kuhesabika, hazimfikii hata mgeni wa pili.

Hapo mtu mwenye akili angetoka akamwambia mama ukweli. Mama angekasirika, angemtuma mtu kwa jirani, wageni wangesubiri kidogo wanaongelea mvua. Mimi nikakimbilia chumbani. Nikang'oa mawe jangwani, mchanga umeganda nayo, nikayakwangua na kisu, nikayapaka mafuta ya kula yang'ae. Kwa haraka haraka yakafanana. Nikayaweka upande mmoja wa kikapu. Zile punje safi nikaziweka upande wangu.

Hiyo ya upande wangu ndiyo siisahau. Rangi unaweza kusema ni upumbavu. Ila mimi nilizipanga.

Nikapiga goti, nikachukua punje yangu mbele ya macho yao wote, safi, nikatafuna kwa mbwembwe. Nikamgeuzia mzee kikapu. Akachukua la kwake. Likalia mdomoni mwake, krr, mchanga ule. Taya ikasimama. Akanitazama. Mimi nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikatabasamu na kuendelea kutafuna.

Kahawa ya ugenini haitemwi, ni kumtukana mwenye nyumba. Mzee akatafuna mpaka mwisho, akameza. "Asante, mwanangu," akasema, na meno yake ya mbele yakawa yamebaki na rangi ya jangwa. Baada ya hapo hakuongea tena. Wale kaka wa kijana wakachukua punje wakazishika tu kwenye kiganja, walishamsoma uso. Baba mdogo akaongea peke yake kama redio. Wakaaga mapema, siku ya kurudi hawakutaja.

Kesho yake dada akapigiwa simu na kijana. Alisikiliza, akaja uani ninapochanganyia rangi, macho yamevimba.

"Mzee kalala na tumbo. Wanauliza tulimpa nini. Kaka zake wanasema nyumba inayolisha watu vitu, mdogo wao haoi."

"Vitu gani tena?"

"Unajua vitu gani wanamaanisha! Wanasema mama yetu anaroga watu!"

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nilikuwa nao kabisa. Ukafia hapohapo. Mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni, amesikia. Hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya, mpaka ile ndizi ikawa nyembamba kama penseli.

Nikawaambia wote wawili pale pale. Mama akauliza kitu kimoja tu: "Ulionja kwanza?" Nikasema nilionja. "Ipi?" Nikainamia kopo la rangi. Akainuka akaingia ndani na kisu chake.

Nikalifunga jangwa kwenye katoni, nikapanda bodaboda mpaka Kyerwa, nimelipakata kama mtoto mgonjwa. Dereva anauliza, "Umebeba keki?" Nikasema vita. Akaongeza mwendo. Kila bonde askari mmoja analala chini.

Mzee nilimkuta uani amekaa kwenye kivuli cha nyumba, blanketi mabegani, mbele yake kahawa imeanikwa kwenye mikeka. Nikaizunguka ile mikeka nisikanyage hata punje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaiangalia katoni. "Umeniletea nyingine?"

Nikafungua. Nikawasimamisha walioanguka, nikaeleza yote, mchanga, picha, brashi kavu, mama asiyejua kitu. Nikaeleza mbio mbio mpaka nikaanza kusifia gari. Mzee akainama akachungulia muda mrefu. Mawe niliyong'oa yalikuwa yameacha mashimo mchangani, na mashimo ndiyo yaliyomvutia. Akanyoosha kidole.

"La kwangu lilikuwa wapi?"

Silijui hasa. Lakini nikamuonyesha shimo chini ya kichwa cha yule anayelala.

"Kwa hiyo huyu nimemlia mto wake."

Nikacheka, nikifikiri tumeshamaliza. Yeye hakucheka.

"Na la kwako?"

"Mzee?"

"Wewe ulitafuna nikakuona. La kwako lilikuwa na rangi?"

Nilitamani niwe mmoja wa wale wa plastiki, nigeuzwe kichwa nitazame nyuma. "Halikuwa na rangi, mzee."

Akaokota punje moja kwenye mkeka, akaigeuzageuza, akairudisha. Halafu akasema, "Mama yako msalimie. Mwambie hakuna mtu atakayesema tena lile neno, nitawaambia vijana mwenyewe. Tutarudi. Ila kahawa tutakuja nayo sisi."

Wakarudi kweli. Wakaja na kikapu chao. Wakakaa sebuleni kwetu, mbele ya majirani na baba mdogo na shangazi, mgeni akafungua kahawa aliyotoka nayo nyumbani kwake, akatafuna ya kwanza, akampa mama yangu. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kuna majirani walitazamana. Kikapu chetu kilikuwa palepale mezani, kimefunikwa, mama alishachemsha nyingine, kahawa ya kuomba kwa majirani.

Dada yangu aliolewa, yuko Kyerwa, ana furaha, na akinipigia simu ananiita Jangwa. Mama hajawahi kunisema tena. Ila wageni wakija sasa, kikapu anampa binamu yangu.

Ile dayorama, ndilo jina la mandhari ya kuunda kama lile jangwa langu, nilikuja kuliona kwenye simu, niliipeleka Kayanga kama nilivyoahidi. Mashimo sikuyaziba. Rafiki yangu akaiweka kaunta kati ya misumari na makopo ya rangi, akazunguka kuitazama huku na huku, akacheka sana kuhusu sisimizi. Nilipofika kwenye kikapu akaacha kucheka. Nikamwambia najilaumu kwa ile rangi, ningepaka mawe kwa kitu kingine, chai hata.

Akawa anapangusa vumbi kwenye darubini ya askari kwa ncha ya kidole.

"Rangi iache, bwana," akasema. "Kama nawe ungetia jiwe lenye rangi kinywani mwako, ungelitema wewe kwanza. Mzee wa watu naye angepata njia ya kutema."