Zakayo wa Kaseti, Rafiki Aliyekataa Kunisifu

Sijaamini, na sina haraka ya kuamini. Zakayo ametutoka jana asubuhi, na mimi bado naishika simu nataka kumpigia nimwambie kwamba Zakayo amefariki.

Kamati ya msiba imenipangia niongee kesho kwa niaba ya marafiki. Mwenyekiti kanisisitizia, "Shaibu, sema mazuri tu, kuna wageni." Nimeitikia. Halafu nikafungua simu, nikasoma comments zenu, nikapandwa na hasira.

Eti "mtu wa watu". Eti "hakuwahi kumkwaza mtu". Zakayo yupi huyo? Wangu mimi aligombana na nusu ya Makambako, na nusu nyingine walipona kwa sababu hawakupita kibandani.

Kwa vijana msiomjua: miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa fujo, tulikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti karibu na stendi ya Makambako. Kilikuwa kona ya duka la vipuri la marehemu baba yangu. Mimi mtoto wa Kiislamu, nimezaliwa dukani. Yeye mtoto wa wakulima Wakatoliki wa kule Njombe, koti zito mwaka mzima, hawezi kumuuzia mtu hata chumvi.

Wenzetu walirekodi dansi, taarabu na kwaya, wakala vizuri. Zakayo akaleta magitaa mazito na muziki wa mashine. Madereva wa malori ya Zambia walimletea, na wazungu wa kujitolea pale hospitali ya Ilembula walimwachia kaseti zao wakirudi kwao.

Wimbo mmoja robo saa, hakuna anayeimba, gitaa linanguruma kama lori linapanda mlima Kitonga. Kumbe siku hizi una jina la heshima, post-metal. Sisi tuliuita muziki wa Zakayo, na hatukuwa tunamsifu.

Sasa balaa lake lilikuwa hili. Hakuna albamu mpya iliyotoka kibandani bila yeye kuifanyia review, na hakuiandika popote. Aliirekodi kwa sauti yake mwanzoni mwa kaseti, kabla ya wimbo wa kwanza.

Umeshalipa, umefika kwako, umeweka kaseti, unamsikia anakusalimia Kibena: "Kamwene. Hii albamu nimeisikiliza yote. Mpiga ngoma ni mvivu. Kinanda wamekiweka ili usigundue kwamba hawana wazo. Wimbo wa tatu una akili. Haya, endelea."

Mwalimu mmoja alirudisha kaseti. "Nimenunua muziki, sikununua maneno yako." Zakayo akamuuliza, "Mwalimu, mtoto akikosa hesabu huwa unampa vema ili asilie?" Mwalimu hakurudi tena. Alikuwa mteja wetu mzuri, na mpaka leo hilo linaniuma.

Nilimwambia, boss, unatufukuzia wateja. Alikuwa anasafisha deki ya kurekodia kwa pamba na spiriti, hata macho hakuinua. "Waende kwa wanaowadanganya, mnyalukolo."

Mimi si Mbena kama yeye, kwetu Kondoa. Aliniita mnyalukolo, ndugu wa nyumbani, tangu siku ya kwanza, na mtu akiniita mgeni mbele yake alikuwa anakiona cha moto. Hilo nalo ni kweli, liingie kwenye rekodi.

Halafu nikatoa albamu yangu. Ndiyo, mimi huyu wa vipuri. Mjomba aliniletea kinanda kutoka Dubai, nikatengeneza muziki wa mashine: upande A nyimbo fupi, upande B kipande kimoja kirefu. Nilikuwa naota kuachana na boliti na fani belti. Nilichotaka ni Zakayo aniambie naweza, maana yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza.

Nikarekodi nakala, nikawagawia marafiki. Wengi wenu mpo hapa, nawaona. Mkanisifu mpaka nikavimba kichwa. "Shaibu, umeua." "Huo upande B ndio umenimaliza, nilitokwa machozi."

Zakayo alichukua nakala yake, akafunga kibanda mchana kweupe, akavaa headphones. Mimi nje nazunguka.

Akatoka. "Upande A umewaiga watu ambao mimi ndiye niliyekuletea. Upande B ulianza na kimya. Nikasema leo Shaibu kanishinda, huu ni ujasiri. Nikangoja. Kimya. Nikajua sasa hivi kinanda kitaingia. Nimengoja mpaka utepe umeisha. Hakuna kitu humu, mnyalukolo. Hukurekodi."

Nilimwita mwongo na mwenye wivu, mbele za watu. Nikaweka kaseti kwenye redio. Kimya. Nikachukua nakala nyingine. Kimya. Deki ilikuwa haikushika upande wa pili kwenye nakala hata moja.

Nilirekodi upya. Akasikiliza tena, akasema sasa kuna kitu, ila ni kibaya. Nikamnunia, nikarudi kwenye boliti. Hakuniomba radhi. Aliendelea kuja dukani kila asubuhi kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi niliendelea kumwekea chai.

Kwa hiyo kesho mwenyekiti atanisamehe. Nitasema alikuwa mkorofi, hajui kusema pole, na kwamba hakunisifu mpaka anaingia kaburini. Wageni watanishangaa, na washangae tu.

Zakayo, wanakusifu huku, kaka. Wanasema kila kitu chako kilikuwa kizuri, na ni wale wale waliolizwa na upande B.

Mimi nakulilia wewe uliyeniudhi. Lala salama, mnyalukolo. Katika mji mzima, wewe peke yako ulinisikiliza mpaka mwisho.