Filter yangu ya spam ilivyokula alleluia tatu za Mama Béa

Wakuu, salamu kutoka Likasi, Kongo. Mimi naandika riwaya, kwa hiyo kutia chumvi ndiyo kazi yangu. Ila hii nawaletea bila chumvi.

Kikundi chetu cha waandishi kina website ndogo. Mtu anaandika kisa chake kwenye box, anatuma, wengine wanasoma. Kwa kuwa mimi ndiye niliyejifunza code, fundi ni mimi.

Wakatuvamia watu wa spam. Dawa za mapenzi, pete za utajiri, link juu ya link. Kufuta kukawa kama kufagia vumbi jekundu la kiangazi: ukigeuka, limerudi.

Nikaandika filter. Na hapa ndipo nilipoharibu.

Niliona spam inarudia maneno: PESA PESA PESA. Nami mwandishi, nachukia marudio kuliko njaa. Nikaweka sheria: neno likifuatana mara tatu, ujumbe unatupwa. Kimya kimya, aliyetuma haambiwi.

Ukurasa ukang'aa. Nikatamba wiki nzima.

Jumamosi moja akashuka taxi-bus hapa mtaani kwetu Panda, mbele ya nyumba yetu, Mama Béa. Anauza unga kule mji wa Kambove, ni mtu wa kanisa la kiroho, na anaandika kuliko sisi wote tuliosoma. Alituahidi kisa cha siku shimo la madini lilipobomoka mume wake akiwa ndani. Tulikuwa tunakingoja.

Hata kiti alikikataa.

"Weye mutoto, minye nilikukosea nini?"

"Hapana kitu, mama."

"Nimetuma mara tatu, machine yako inakula tu. Iko na njaa? Kama Kiswahili yangu haiko ya kitabu, sema. Niache kuandika, niuze bunga yangu."

Nikafungua laptop. Bahati yangu, filter ilikuwa inatupa kwenye folder, haichomi. Kisa kilikuwemo, nakala tatu, na kila moja imeanza hivi: Alleluia! Alleluia! Alleluia!

Nikacheka kwa aibu, nikamweleza sheria yangu. Nikaongeza, kwa ujuaji: "Mama, hata moja ingetosha."

"Moya? Ya kwanza ni ya Papa Béa, alitoka muzima. Ya pili ni ya mudogo yangu, alitoka. Ya tatu ni ya ule muntu mwenye alibavuta na kamba, hatukujua hata jina yake. Sasa nitoe ya nani?"

Wakuu, nikarudi kwenye laptop.

Nikaifuta sheria ile palepale, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Kisa kikapanda, na alleluia zake zote. Ndipo akakubali kiti, na chai.

Siku hizi filter inaangalia link na namba za simu. Kinachotiliwa shaka hakitupwi. Kinangoja kusomwa na mtu, na aliyetuma anaambiwa. Msomaji huyo ni Mama Béa mwenyewe. Jana muuza pete kaanza na alleluia tatu. Mama kamkataa, kaandika pembeni: "Hizi haziko na benyewe."

Nilichojifunza: nisiite takataka neno ambalo sijamuuliza mwenyewe.

Nyie mnaoandika code, filter zenu zimeshamla nani? Semeni hapa chini. Hata mkirudia neno mara tatu, litapita.