Waogeleaji Arobaini na Watatu wa Mwero Randu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwero Randu anapiga magoti kando ya bwawa la kuogelea na kuokota majani. Maji ni maangavu mpaka vigae vya chini vinahesabika. Hakuna aliyeyaingia tangu mwezi wa tatu.

Akimaliza hapo atafagia uwanja wa tenisi, afute vumbi kwenye baiskeli za mazoezi zisizokwenda popote, kisha awashe kidogo chumba cha joto kavu cha kutoa jasho ili mbao zisiote ukungu. Nyumba hizi ishirini na mbili za Diani ziliuzwa mwaka 1991 kwa sifa za vitu hivyo. Miaka minne baadaye, wenyewe wengi wako Nairobi na Ulaya, na pampu na dawa ya maji hula shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi. Mwero, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, hulipwa elfu tatu na mia mbili.

"Nalitunza bwawa hili kama bibi harusi," anasema, kisha anaona haya kwa mzaha wake mwenyewe. Siku hizi haya humjia upesi.

Mwaka jana kamati ya wenye nyumba ilimwambia waziwazi: isipoonekana faida ya bwawa, litakaushwa, naye arudi kwao Bongwe. Kila mwogeleaji huandikwa daftarini, na daftari lilikuwa jeupe. Mwero ana watoto wanne, wawili wako sekondari. Akachukua kalamu.

Akawaandika mashemeji, wajomba, hata mzee Mramba, ambaye hajapata kuvua kanzu mbele ya bahari seuze bwawa. Lakini mgeni lazima awe na mwenyeji, na nyumba yenye mtu mwaka mzima ilikuwa moja tu: namba nne, ya Bi Biasha, mwalimu mstaafu kutoka Msambweni. Wote akawafanya wageni wake.

"Nilidhani watahesabu tu. Sikudhani watasoma."

Walisoma. Mkutanoni mwezi wa tano, mwenyekiti aliyataja majina hayo arobaini na matatu kwa sauti, akamwuliza Bi Biasha mbele ya watu kama amefungua hoteli yake mle ndani. Mama huyo alimgeukia Mwero, aliyesimama mlangoni na birika la chai. Mwero akatazama sakafu.

"Niliona aibu kubwa. Na bado sikusema."

Kilichomwumiza zaidi kilikuja Ijumaa. Tangu aanze kazi, Bi Biasha humpelekea sahani ya wali na samaki wa nazi baada ya sala, naye huirudisha na mapera au ndizi za kwao, kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu. Ijumaa ile sahani ilikuja vilevile. Na iliyofuata pia. Sahani sita zikarundikana chumbani mwake, safi, kwa kuwa hakujua aweke nini juu yake.

"Shukrani ya punda ni mateke," anasema. "Punda mwenyewe ndiye mimi."

Jumatano iliyopita alizibeba zote pamoja na chupa ya asali, akabisha hodi namba nne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alisimulia yote akiwa wima jikoni. Bi Biasha akapokea sahani, asali akaiacha mezani.

"Nilijua tangu walipolipitisha lile daftari," alimwambia. "Mwandiko wako naufahamu. Nikangoja useme mwenyewe. Radhi yangu unayo. Lakini mimi sikuvunjiwa heshima humu jikoni, mwanangu. Nilivunjiwa mkutanoni."

Mkutano mwingine ni Jumamosi hii. Mkewe, Kanze, amemsihi anyamaze angalau mpaka shule zifungwe. Mwero amekataa. Amekubali hata jina lake liandikwe hapa lote, maana ya wenzake aliyaandika bila idhini.

Akifukuzwa, atalima mihogo Bongwe na kutafuta ada kwa jembe. Anachotaka kabla ya hapo ni kusimama na kukiri.

"Kazi huenda nikaikosa," anasema. "Ila safari hii mwalimu akinigeukia, anikute namtazama."