Kidevu kwa Baba, Sikio kwa Mama

Mama Pacha alifuma nguo kiwandani miaka kumi na tisa, na kelele za mitambo zikamfundisha kusoma midomo. Wafumaji wote waliongea hivyo, bila sauti, mmoja huku na mwenzake kule. Mtaani walimwogopa kwa hilo. Waliotaka kumsengenya ng'ambo ya barabara walijifunza kuziba midomo kwa kiganja.

Lugha hiyo ilikuwa na kasoro moja. "Baba" na "mama" hazitofautiani midomoni. Jaribu mwenyewe mbele ya kioo. Kwa hiyo aliyemtaja baba aligusa kidevu, na aliyemtaja mama aligusa sikio. Mumewe, Baba Pacha, fundi wa mitambo hiyohiyo, aliwahi kusahau kugusa kidevu akiulizwa jina lake, na wafumaji wakamwita Mama wiki nzima.

Kisha uchumi ukayumba. Wanunuzi wa nje wakaacha kuagiza, wa ndani wakarudi kwenye viraka. Mitambo mia mbili ikawa themanini, halafu thelathini. Muuza chai wa getini akafunga, fundi viatu akahama, na kila nyumba ya tatu ikabandikwa karatasi ya kutafuta mpangaji. Ndipo meneja akatangaza kwamba pale walipoajiriwa mume na mke, mmoja atatoka. Orodha ingebandikwa Ijumaa. Ila atakayejitoa mwenyewe kabla ya hapo angepewa barua nzuri, na kazi zikirudi angeitwa wa kwanza.

Kazi zikirudi! Wakubwa hawakosi asali ya kupaka kwenye shubiri.

Alhamisi asubuhi Mama Pacha alikuwa akifagia chini ya mtambo wake alipomwona meneja nyuma ya kioo cha ofisi, akizungumza na karani. Jina lao, Baba au Mama Pacha, likapita midomoni mwa meneja, likifuatwa na neno "abaki". Mikono yake ilikuwa mfukoni. Hakugusa kidevu wala sikio, na angejuaje, mtu ambaye hajawahi kufunga hata uzi uliokatika?

Mama Pacha hakujiuliza mara mbili. Wafumaji wako tele, fundi hutafutwa kwa tochi; nani angemwacha fundi? Ilimuuma sana, maana yeye peke yake aliendesha mitambo minne kwa mpigo. Lakini kukatwa jina mbele ya watu ni aibu, heri atoke kwa miguu yake. Daftari la kujitoa lilikuwa kwa mlinzi getini. Kabla ya saa ya chakula alikuwa ameshatia sahihi. Hakumwambia mumewe. Alitaka kwanza aione furaha yake.

Ijumaa orodha ikabandikwa, na jina lililokatwa likawa la Baba Pacha.

Mama Pacha alimkimbilia karani akidhani wamekosea. Karani akamweleza kwa upole kwamba mitambo iliyozimwa haihitaji fundi, ila ile michache iliyobaki inamhitaji mtu wa kuendesha minne peke yake.

"Meneja mwenyewe alisema mama abaki," karani alisema. "Nilidhani unajua. Sasa umejitoa, na nafasi yako kapewa mwingine asubuhi hii."

Mama Pacha akaomba, akalia, akaomba tena bila kujali nani anamtazama.

"Maji yakimwagika hayazoleki, dada," karani akasema, macho yake yakiwa mezani.

Alipotoka, mumewe alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na sanduku lake la vifaa, akimsubiri. Hakuna mtambo uliosikika, wangeweza kuongea kama watu wengine. Lakini mazoea yana tabu. Baba Pacha akajilazimisha kutabasamu, akagusa sikio lake, akasema bila sauti:

"Afadhali mama umebaki."

Mama Pacha alimsoma vizuri, neno kwa neno. Akavuka barabara kwenda kumwambia.