Volyumu ya Redio ya Baba

Harufu ya risasi ya kuungia redio ikiyeyuka juu ya waya niliijua kabla sijajua manukato. Inachoma pua, kisha inaacha utamu wa mbali kama wa ubani. Hata leo nikiinusa, kidole changu cha shahada kinawasha, na mara niko uani kwetu Ng'ambo, Tabora, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nimechuchumaa mbele ya jiko la mkaa na msumari wa inchi sita uliokwisha kuwa mwekundu, ninajiuliza jambo ambalo, wallahi, mpaka leo linanichanganya: kulia ni upande gani?

Nilikuwa na miaka kumi. Kaka yangu Shija, mtoto wa baba mkubwa wa Ziba, aliishi kwetu kwa ajili ya shule. Wiki ile ilikuja barua: baba mkubwa anahamishiwa kijiji kipya, Shija arudi Jumamosi akasaidie kujenga. Na mashua yake ilikuwa haijaonja maji! Ameichonga miezi miwili kwa kipande cha mninga, ameipa pangaboi la bati la kopo na mota ya santuri mbovu tuliyopewa na Ami Saidi, fundi redio wa mtaani. Tatizo lilikuwa mwendo. Ukiigusisha betri ilitoka mbio, ukiitenganisha ilikufa, katikati hakuna. Ami Saidi alitucheka. "Wanangu, redio mnaipunguza kwa nini? Si kwa volyumu? Basi na hiyo itieni volyumu." Yeye hakuwa nayo ya kutupa. Sisi tulijua iko wapi moja.

Redio ya Baba hakuigusa mtu. Baba alifanya kazi karakana ya reli, na jioni alipokwisha kuoga aliiweka barazani, majirani wakaja na vigoda vyao kusikiliza habari. Siku zile hakukosa hata mara moja, maana alitega sikio kama watataja vijiji vya upande wa Ziba, alikokuwa kaka yake. Kwa hiyo tulipanga hivi: Ijumaa mchana tuitoe volyumu, tuijaribu mashua, na kabla Baba hajarudi iwe imerudi mahali pake. Vidole vya Shija vilikuwa vinene. Kazi ikawa yangu, na nilivimba kichwa si kidogo.

Volyumu ina miguu mitatu. Niling'oa nyaya, tukakimbia nayo hadi kwenye mashimo ya matofali yaliyojaa maji ya mvua, njia ya Isevya. Niliunga waya mmoja mguu wa kati, mwingine wa pembeni, tukaisukuma mashua majini na waya wake mrefu ukiburuta nyuma. Nikazungusha kulia, taratibu, kama Baba anavyoongeza sauti. Kimya. Nikazungusha mpaka mwisho. Kimya. "Labda imekufa," nikasema, huku nikiirudisha kushoto kabisa, niizime. Mama yangu wee! Mashua iliruka ikakata maji, nami napiga kelele "Punguza! Punguza!" kana kwamba kuna mwingine aliyeishika. Nikakaza kushoto zaidi. Ikagonga ukingo wa pili, ikapinduka. Shija alikuwa chini, anacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nalia kwelikweli, kwa sababu sikuelewa.

Sasa sikilizeni akili yangu. Sikuwaza kwamba nimeunga mguu usio wake. Niliwaza kwamba volyumu, kwa kutolewa redioni, imegeuka: kulia kwake kumekuwa kushoto. Basi nikirudi nyumbani ni lazima niinyooshe. Nilipasha msumari, nikaunguza kidole, nikazibadilisha kwa makusudi zile nyaya mbili za pembeni, nikafunga redio, nikaipangusa. Nilijiona fundi kuliko Ami Saidi.

Jioni majirani walijaa. Baba, kama desturi yake, alizungusha volyumu kushoto kabisa ili isishtue watu, ndipo akabonyeza kitufe. Redio ilinguruma, kuku wakatimka, jirani mmoja akajimwagia chai. Baba akazungusha kushoto, haiendi tena. Akajaribu kulia, sauti ikafifia, ikapotea. "Imerogwa hii!" akasema jirani. Baba alinitazama usoni, kisha kidoleni. Nilijua leo ninachapwa. Badala yake akaizungusha polepole mpaka mtangazaji akasikika vizuri, akasema, "Haijarogwa. Imebadili mkono tu. Kaeni tusikilize." Ziba haikutajwa. Sikuchapwa, wala sikuulizwa, na hilo lilinichanganya kuliko mashua. Wiki nzima nilikula bila hamu, nikisubiri fimbo ambayo haikuja.

Shija aliondoka Jumamosi na mashua yake kwapani. Baba aliendelea kusikiliza redio ile miaka mingi, akizungusha kinyumenyume, na kila mgeni aliyeigusa alipigiwa kelele ya kutoboa masikio.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha mashua ya kuendeshwa kwa mbali, haina waya hata mmoja. Ndani yake kuna kidude cha kuongeza na kupunguza mwendo kinacholia pii, pii. "Bibi, usiguse," akaniambia, "lazima kwanza nikifundishe mwisho uko wapi na sifuri iko wapi." Nilicheka peke yangu. Nilikumbuka siku niliyompelekea Ami Saidi redio ile, baada ya kumzika Baba. Alikuwa mzee wa kutetemeka mikono. Alipoifungua alitabasamu. "Hii naijua. Baba yako aliileta wiki ileile ya mashua yenu, niunge waya wa betri. Nikaona nyaya zimepishana, nikashika pasi ya kuungia nizirudishe. Akanizuia mkono. Akasema, 'Ami, hapo pasiguswe, pamefungwa na binti yangu.'"