Mtaro Jikoni Kwangu

Mume wangu Bunlue ni mtu wa kifusi. Ukinunua kiwanja huku kwetu Sena, kabla hujaita fundi wa nyumba unamwita yeye. Anapokea malori ya udongo, anausambaza kwa kijiko chake cha njano, ile mashine ya kuchimbia, anaushindilia, anapima usawa kwa mpira wa maji, halafu anakwambia usijenge mpaka mvua za msimu mmoja ziukalishe. Asiyesikia atajua mwenyewe. Muuza simu wa mtaani kwetu hakusikia, na leo mlango wake wa mbele haufungi, anauzuia kwa pipa.

Alianza kwa kuchimba mabwawa ya samaki, enzi hizo kijiko ni cha tajiri na yeye dereva tu. Kisha ikaja ile gharika kubwa iliyotupandisha juu ya paa sisi na kuku wetu. Baada ya hapo kila mtu akataka kiwanja chake kiinuliwe, na wote walitoa agizo lile lile: "Kaka Lue, nipandishe goti moja juu ya jirani." Jirani akiona, naye anamwita Bunlue ili apandishwe goti moja juu ya yule. Mtaa ukapanda hivyo mwaka hadi mwaka, na aliyewapandisha wote ni mume wangu, tena bila kumuuliza mtu swali. Nilipomsema kwa ukimya wake alinijibu, "Mwenye kiwanja ndiye msemaji. Mimi nimetumwa."

Maneno hayo humwambia hata Mama Ardhi. Kabla ya ndoo ya kwanza huwasha vijiti vya udi, humimina pombe ya mchele kidogo, hupiga magoti na kusema, "Mama, samahani kwa kukujeruhi. Nimetumwa tu." Nimemsikia akiyasema hayo kwenye viwanja vya watu wema na kwenye viwanja vya wezi, kwa sauti ile ile.

Sisi wenyewe tulibaki chini. Mganga hajigangi. Maji ya wote aliowainua yaliteremka hadi kwetu, na kwa jirani yetu wa nyuma, Bibi Lamyai, mjane anayeuza vitumbua vya nazi vya mvuke sokoni. Tuligawana maji hayo, nusu kwangu na nusu kwake. Nimepika nimevaa mabuti ya mpira. Nimepandisha gunia la mchele kitandani, jiko la gesi mezani, na mbwa juu ya friji ambalo lenyewe lilishakufa siku nyingi.

Mwaka juzi nikachoka.

"Baba Noi," nikamwambia, "na mimi ni mteja. Niinulie kiwanja changu."

"Mteja gani halipi?"

"Nakupikia tangu hujaota hicho kitambi. Nimelipa mpaka nimezidisha."

Akacheka, na kwa Bunlue kicheko ni mkataba. Mafundi wa jeki wakaja kuinua nyumba yetu ya mbao, kisha malori yakaanza kumwaga udongo. Mbele yetu kuna barabara, nayo iko juu. Ubavuni kuna mfereji mkubwa. Nyuma yupo Bibi Lamyai. Kazi ilipofika huko nyuma Bunlue akasimama na mpira wake wa maji mkononi.

"Hapa tungeacha mtaro," akasema. "Maji yafuate mpaka, yaingie mferejini."

"Hapo ndipo jiko langu jipya litakapokaa."

"Najua."

"Si uchimbe mdogo, upite pembeni?"

"Mdogo unabomoka. Ukiwa mtaro, uwe mpana."

"Basi usiwepo. Jaza mpaka mpakani."

Akalitazama paa la Bibi Lamyai, kisha akanitazama mimi. "Umesema, mwenye kiwanja," akasema, akajaza.

Siku ya kuhamishia juu kile kibanda kidogo cha mzimu anayelinda ardhi yetu, Bibi Lamyai alikuja na shada la asmini na sahani ya vitumbua, akapiga magoti pamoja nasi kutuombea heri. Baadaye akainua macho kuupima udongo ulivyompita kichwa.

"Sasa mtakuwa mnanichungulia mpaka sufuriani," akasema.

"Tuone kama unatia nazi au maji matupu," nikamjibu.

"Nazi natia mimi. Maji atanitilia mumeo."

Tukacheka wote, isipokuwa Bunlue.

Nikapigilia vigingi pale litakapokaa jiko langu, nikavifunga uzi mwekundu, nikaacha udongo ukae msimu wake. Jambo moja tu lilinishangaza. Kila msimu wa mvua Bunlue hupeleka kijiko kwenye banda la kaka yake. Safari hii alikiegesha nyuma ya nyumba, kando ya vigingi vyangu.

"Kitaota kutu hapo," nikamwambia.

"Kitakaa tu," akasema.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Niliketi juu ya ngazi yangu na sahani ya wali, samaki wa kukaanga na pilipili ya kutwanga, miguu mikavu. Nilifurahi, sitaficha. Nilikula taratibu kama mgeni wa heshima kwenye harusi. Kisha nikatazama nyuma.

Maji yalikuwa yanateremka mekundu kutoka kwenye udongo wetu na kuingia moja kwa moja mlangoni kwa Bibi Lamyai. Hayakuwa tena nusu kwa nusu. Dirisha lake lilikuwa wazi, nikamwona akipandisha gunia la mchele kitandani, kisha jiko la gesi mezani. Nilijua atakachofanya kabla hajakifanya. Akabaki na mfuko wa unga wa vitumbua, meza imejaa, kitanda kimejaa. Akaukumbatia kifuani, akasimama hivyo hivyo ndani ya maji. Hakuinua macho kututazama. Angenitazama, hata kwa kunitukana, ningeweza kumaliza kula.

"Baba Noi," nikaita.

"Nipo."

"Kachimbe mtaro."

"Wapi?"

"Unapajua."

"Mwenye kiwanja aseme."

"Jikoni kwangu, jitu zima wewe! Kachimbe jikoni kwangu."

Nilidhani ataanza kutafuta ufunguo, maana kila siku anautafuta. Ulikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Mfuko huo huo ulikuwa na vijiti vya udi, amevifunga kwenye nailoni visilowe.

Nikamshikia mwavuli ili moto ushike. Akapiga magoti kwenye tope, akamimina pombe yake.

"Mama, samahani kwa kukujeruhi," akasema. "Nimetumwa."

Nikadhani amemaliza.

"Ila hapa," akaongeza, "nilikuwa nangojea kutumwa."

Akapanda kwenye kijiko. Ndoo ya kwanza iling'oa vigingi vyangu vyote, uzi mwekundu ukaning'inia kwenye meno yake. Niliumia, maana lile jiko nililitaka kweli. Nikashuka kumpokea Bibi Lamyai unga wake.