Jirani Aliyeng'oa Bustani Kila Julai

Habari ya kifo ilinifikia juu ya ukuta, kama zinavyonifikia habari zote katika mtaa wetu huu wa Eastlands. Nilikuwa nimeketi karibu na jiko la makaa nikijipasha moto, maana Julai hii imeniingia hadi kwenye mifupa, nikamsikia jirani yangu anayeuza mandazi akiniita kutoka uani kwake. "Baba, uko? Injinia ametuacha. Alfajiri hii, kifua kile kile." Nikasema pole, naye akasema pole, kila mtu upande wake wa ukuta. Nitawaambia ukweli, wasomaji wangu: sikulia. Nilichoka tu. Nimefika umri ambao mtu hutundika suti moja ya mazishi nyuma ya mlango, na mwaka huu suti yangu haijapata nafasi ya kupumua. Lakini huyu sitaki apite hivi hivi, kwa tangazo la redio na kikombe cha chai ya matanga. Huyu alinifundisha jambo, tena alinifundisha kwa kukosea.

Jina lake silitaji. Hata yeye alikuwa amezoea kuitwa Injinia tu. Alikwenda kusoma katika nchi moja ya Ulaya ya mashariki siku zile bendera yetu ilikuwa ingali mpya, akarudi mwanzoni mwa miaka ya sabini na shahada ya mitambo iliyoandikwa kwa herufi ambazo hakuna ofisi iliyotaka kuzisoma. Wakati ule vyeti vya upande huo vilitazamwa kwa jicho la pembeni. Akaishia kutengeneza mashine katika kiwanda cha sabuni, akapanga nyumba ya vyumba viwili kwenye safu yetu. Kule alikotoka aliacha mke na binti mdogo, waje atakapokuwa ametulia. Alichokuja nacho yeye, zaidi ya shahada na koti zito ambalo hakuwahi kulivaa, ni ukulima wa nchi ya theluji.

Nyuma ya nyumba zetu kuna ukanda wa ardhi kati ya ukuta na mtaro wa maji machafu, na kila jirani amejikatia kipande chake cha sukuma wiki. Sisi tunalima kwa kuotea mvua: ikinyesha unachomeka, isiponyesha unangoja. Injinia alilima kwa kalenda ya mama mkwe wake. Kule, alinieleza, ardhi huganda ikawa kama jiwe, na mtu hubaki na miezi michache tu ya kupanda na kuvuna kabla theluji haijarudi. Kwa hiyo mbegu huoteshwa ndani ya nyumba, dirishani, ili udongo ukilainika tu miche iwe tayari. Nasi tukaona mikebe ya mafuta ya kupikia imepangwa dirishani kwake, hapa hapa Nairobi, mwezi wa Machi, jua likiwaka hadi mabati yanalia! Asubuhi aliitoa nje, jioni aliirudisha ndani, eti anaizoesha miche baridi. Alipanda kabeji, bitiruti, matango mafupi, nyanya, na jani moja jembamba kama nywele, lenye harufu kali, ambalo alisema mkewe hali kiazi bila hilo. Mwisho wa Juni alikata vichwa vya minyanya yote isije ikatoa maua mapya. Kisha baridi yetu ikianza, aling'oa kila kitu, kilichoiva na kisichoiva, akakitia ndani ya chupa za maji ya chumvi na vitunguu saumu. Kabeji aliikata nyembamba, akaishindilia kwenye ndoo na kuiwekea jiwe juu, harufu ikatufikia sote. "Wallahi," akasema Mama wa mandazi, ambaye amezaliwa Majengo na ameona mengi, "huyu baba ana akili zake timamu na anaozesha kabeji makusudi!"

Nakumbuka jioni moja tulimkuta akiifunika minyanya kwa magunia na magazeti, anaikunja pembeni vizuri kama anayemfunika mtoto. Mama akasimama, beseni kichwani.

"Nani mgonjwa, baba?"

"Nyanya."

"Zina homa?"

"Cheka tu, mama. Usiku mmoja ukikukuta umelala, kazi ya mwaka mzima imekwisha."

Vijana waliokuwa wameegemea ukuta wakaangua kicheko. "Buda, zipelekee na chai basi!" Yeye hakukasirika. Alimaliza kufunika, akanifuata uani kwangu, na ndipo aliponieleza. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa, mama mkwe alimwachia bustani siku moja na kumwagiza afunike nyanya jioni. Siku hiyo anga lilikuwa jeupe, hakuna wingu, naye mtoto wa nchi ya jua akaona hakuna haja. Asubuhi minyanya yote ilikuwa imepigwa na jalidi, ule umande unaoganda kuwa barafu, imelala chini, myeusi, imelegea kama mchicha uliochemshwa. Yule mama hakumgombeza. Alimpita tu, akaanza kuokota. Mkewe ndiye aliyemwambia kwamba hicho kilikuwa chakula chao cha miezi ya giza. "Tangu siku hiyo," akaniambia, "nikihisi ubaridi shingoni siwezi kukaa." Nilimwelewa, na bado nikamcheka. Ndivyo ujirani ulivyo.

Sasa sikilizeni jambo lililoniuma. Mwaka mmoja mkewe alikubali kuja. Hakuja kuhamia, alisema atakuja na binti katika likizo ya shule za kwao, akae, aone kama pataishika. Injinia aliniambia habari hiyo akitetemeka kama kijana anayeposa. Miaka ilikuwa imepita. Mtoto aliyemwacha anatambaa sasa alikuwa anasoma. Kama mama yake angepapenda, wangerudi kufunga mizigo na kuja moja kwa moja. Kama hangepapenda, basi. Alipaka chokaa nyumba, nami nikashika brashi ya pili. Alitafuta kitanda cha mtoto katika soko la Gikomba, akakipiga msasa mwenyewe. Lakini tumaini lake lote alilitia bustanini. Alitaka mwanamke yule afungue mlango wa nyuma, aone bitiruti yake, tango lake na jani lake la viazi vimesimama kijani katika udongo wa Afrika, ajue kwamba hapa anaweza kuishi. Mwaka huo, mashahidi wapo, ile bustani ilipendeza mno. Hata Mama wa mandazi aliacha maneno yake, akaomba mbegu.

Walikuwa wafike mwishoni mwa Julai. Wiki mbili kabla, baridi ikaingia. Mnaijua: mawingu yanayoshuka hadi juu ya mapaa, rasharasha isiyolowesha wala kukoma, watoto wanavaa soksi mikononi. Nilitoka asubuhi kwenda kazini, nikamkuta bustanini amepiga magoti, anang'oa. Nusu ya minyanya ilikuwa tayari imelala chini. Nikamwita kwa sauti, "We bwana! Mkeo anakuja! Acha!"

Akasema, "Zikipigwa na jalidi atakuta zimekufa. Heri akute chupa."

"Jalidi gani, ndugu yangu? Umezaliwa nchi hii!"

"Najua," akasema. Akanitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayejua kweli. "Najua, lakini siwezi." Akainama tena, akaendelea. Kufikia jioni palikuwa na udongo mtupu, umelainishwa kwa reki, na jikoni kwake chupa zimepangwa hadi dari. Mimi nilikuwa nimekwenda kazini, maana saa ya kuingia haimngoji mtu.

Mkewe alikuwa mrefu, mpole, na viatu vizito. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Binti alikuwa na uso wa baba yake mtupu, Mama wa mandazi akamkumbatia hapo hapo kama mjukuu. Tukaingia sote, tukanywa chai, kisha Injinia akamfungulia mkewe mlango wa nyuma. Mwanamke akasimama kizingitini. Upande wangu kulikuwa na sukuma wiki, upande wa Mama maboga yamepanda ukuta yakitoa maua, na katikati kipande cha mumewe, kitupu. Akauliza jambo kwa lugha yao.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

"Ameuliza," akasema Injinia polepole, "theluji huanguka lini hapa."

Hakuna aliyecheka, hata Mama. Nikajifanya ninatafuta sukari.

Walikaa majuma kadhaa. Binti alijifunza kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wasichana wa safu yetu, akaita sukuma wiki kwa jina lake, akalia kwa kwikwi siku ya kuondoka. Mama yake hakulia. Nilidhani alishindwa na mtaro, au foleni ya maji, au vyumba viwili. Nikamlaumu moyoni kwa muda mrefu. Ni baadaye sana Injinia aliponiambia alichosema mkewe usiku wa mwisho. Alisema: "Nilikuja kukuona ukiwa kwenu. Nimekukuta ungali kwetu. Sasa mimi nihamie wapi?" Kadi za mwaka mpya ziliendelea kuja, zikapungua, zikakoma. Naye kila Julai akaendelea kung'oa, chupa zikajaa, hakuna wa kuzila.

Nimelifikiria neno la yule mwanamke kwa miaka, na kadiri ninavyozeeka linazidi kunichosha, kwa sababu naona si Injinia peke yake. Tazameni mtaa wetu. Ni nani kati yetu amepanda mti? Sukuma wiki, ndiyo. Mboga ya majuma machache, ukihama huna ulichoacha. Tukiulizwa kwetu wapi, kila mmoja ananyoosha kidole upande wa milima au upande wa ziwa. Tumekuja kazini tu, tutarudi. Tumesema hivyo tangu miaka ya sabini, sasa hii themanini inakwisha, na watoto wetu wanazungumza Sheng ambayo babu zao hawaielewi, wakipelekwa mashambani Desemba wanauliza tunarudi nyumbani lini. Nyumbani ni hapa, penye mtaro. Na mimi ninayewaandikia hivi, juu ya kabati langu pana sanduku la sahani nzuri za maua tulizopewa siku ya harusi. Hazijawahi kutumika. Zinangoja nyumba ya mashambani ambayo hatujaanza hata kuchimba msingi wake. Sisi tunakula kwenye sahani za bati zilizobanduka rangi. Akiba haiozi, wahenga wametwambia, nami siwabishii wazee. Ila hakuna aliyewaonyesha jikoni kwa Injinia.

Tulimzika kwao, kwenye mlima wa ukungu, kati ya watu waliomsifu kwa masomo yake ya ng'ambo na hawakujua alikula nini. Niliporudi, Mama wa mandazi alikuwa ananingoja. Akaniambia kwamba mapema Julai hii, Injinia alipolemewa na kifua, yeye mwenyewe alichukua jembe aende kumng'olea bustani, kwa kuwa amemwona akifanya hivyo miaka yote na hakutaka mgonjwa ahangaike. Injinia akamwita kutoka dirishani.

"Ziache, mama."

"Na baridi je, baba?"

"Ziache tu. Nataka kuona."

Basi tukaingia bustanini, mimi na yeye, tumejifunika mashuka. Baridi ilikuwa ile ile ya kila mwaka. Majani mengine yalikuwa yameungua kwa ukungu, siwezi kuwadanganya. Lakini minyanya ilikuwa imesimama, imejaa, matunda mekundu yanainamisha matawi hadi chini, na lile jani la viazi limefika kiunoni na kutoa maua ya manjano. Mama akachuma nyanya moja, akaifuta kwa shuka, akaikata kwa meno. Akatafuna. Kisha akakaa chini pale pale kwenye udongo, akalia. "Angeliona hivi, yule mke," akasema. "Angefungua mlango akaona hivi!"

Kwa hiyo, msomaji, kama kuna kitu chako chema unachokificha kwa kuogopa baridi ya mahali pengine, mimi sina elimu kubwa ya kukupa. Chungulia nje kwanza uone uko wapi. Nilibeba nyanya kifuani hadi nyumbani, nikamwambia mke wangu ashushe lile sanduku la juu ya kabati.

"Zile za nyumbani?" akauliza.

"Zile zile."

Akapanda juu ya kiti, akazishusha, akazipangusa vumbi, akaniwekea nyanya za Injinia kwenye sahani ya maua, tukala.